Miguu Minne na Chumba cha Nyuma

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeshindwa. Kumi na mbili kwa nne! Na nani? Na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi cherehani, ambaye moyoni namwita Sindano. Gemu yenyewe rahisi: vikopo vinarushwa kwenye skrini, unavilenga kwa kipanya, unavilipua. Mimi huu mwaka wa tatu naicheza. Yeye kaanza juzi. Tena kwa kipanya cha ofisini kilichotupwa, kimebandikwa plasta ubavuni!

Akaniambia eti pole shemeji, ni bahati tu. Huruma ya namna hiyo inauma kuliko tusi. Damu ikanichemka. Nikasema turudiane Jumamosi, na nikishindwa achukue chumba changu cha nyuma aweke cherehani yake, maana kila siku analalamika kwamba kibanda anachoshonea kinavuja. Mke wangu akaniuliza mara mbili kama nimesikia nilichosema. Nimesikia! Chumba kile ndicho mahali pekee humu ndani ambapo hakuna wa kuniambia nishushe miguu kwenye kochi. Sikitoi ng'o.

Baadaye nikakigeuza kipanya changu. Kumbe! Vile vipande vinne vya kutelezea vilivyo chini yake, miguu yake, vimelika vyote. Nikamwonyesha mke wangu. Akasema mchagua jembe si mkulima. Nikamuuliza, na jembe likiwa halina mpini je? Akaenda kuanua nguo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimenunua miguu mipya kwa fundi wa kompyuta. Myeupe, laini. Nimeng'oa ya zamani kwa kisu cha mezani, nikabandika mipya. Loo! Kinateleza kama kipande cha sabuni bafuni. Nikacheka peke yangu. Nikaona Sindano ameisha.

Nusu saa baadaye sicheki. Nikilenga kikopo cha kushoto, alama ya kulengea inakipita, inaishia pembeni mwa skrini. Nikiirudisha, inapita tena. Vikopo viwili kati ya ishirini. Viwili! Fundi kaniuzia miguu ya mlevi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimekwenda dukani nimefura. Nikamwambia fundi miguu yake imepandisha wepesi wa kipanya changu. Akasema haijapandisha kitu. Namba ya wepesi kwenye kompyuta ni ileile mia nane. Ila zamani, kwa miguu iliyolika, kitambaa ninachotandika chini ya kipanya kilikuwa kinakikwamisha, mkono wangu ukazoea kusukuma kwa nguvu. Sasa hakuna kinachokwamisha, na mimi nasukuma vilevile. Akanishauri nisiguse namba, nicheze taratibu siku tatu nne, mkono utazoea. Nikiona bado, nipunguze kidogo, mara moja tu, halafu niache.

Siku tatu nne! Rahisi kwake kusema. Yeye hana chumba cha kupoteza.

Nimeshusha hadi mia sita. Kizito. Mia saba. Chepesi. Mia nne, kama nasukuma kabati. Mia tisa, kwa hasira tu. Mke wangu akagonga mlango akauliza namtukana nani humo ndani.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kazini nusura nipasuke. Nafundisha udereva, na mwanafunzi wangu mmoja, mama mwenye duka la viatu, kalalamika kwamba tangu gari libadilishwe breki, akigusa tu linasimama ghafla. Anataka arudishiwe breki za zamani. Nikamfokea. Nikamwambia gari halina kosa, kosa liko mguuni kwake, akanyage polepole, alizoee, aache kutafuta mchawi. Watu wengine hawafundishiki!

Jioni Sindano kaja kula. Mfuko wake kauacha sebuleni, na kipanya chake kimo ndani. Nikasubiri yeye na dada yake waende jikoni. Kwa kisu kilekile nikaking'oa miguu yote minne, nikaitupa dirishani. Najua si uungwana. Lakini chumba ni chumba.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimebandika miguu mingine minne juu ya ile mipya. Nilipiga hesabu: kipanya kikiwa kirefu kitakuwa kizito, kikiwa kizito kitatulia. Wapi! Alama inarukaruka, mara inaganda, mara inapotea kabisa. Nikampigia fundi. Akasema jicho la kipanya limekwenda juu mno, haliwezi kusoma kitambaa. Akauliza nani kanishauri upuuzi huo. Nikamkatia simu.

Nimebandua. Gundi imebaki upande mmoja. Sasa kipanya kinachechemea, na kesho ndiyo siku yenyewe. Chakula kimenishinda.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sindano kaweka kipanya chake mezani, kakisukuma, kakunja uso. Kakigeuza. Akaona. Akanitazama mimi, nami nikatazama dari. Katoa mkasi mfukoni, kakata vipande vinne vya kitambaa kizito cha makoti, kabandika kwa gundi yake. Kajaribu kushoto, kajaribu kulia, taratibu kama anapitisha uzi. Akasema kimekuwa kizito, lakini kinasimama anapotaka kisimame. Namba hakuigusa.

Kumi na tisa kwa sita!

Nilianza na mia tano hamsini. Katikati ya mchezo nikapandisha mia nane hamsini. Mke wangu anashangilia. Mke wangu mwenyewe, na hashangilii upande wangu! Nikapiga meza kwa ngumi, kipanya kikateleza chenyewe mpaka sakafuni. Wiki nzima hakijapata kuteleza vizuri namna ile.

Na lile la miguu, Sindano hakumwambia dada yake. Hata kwa utani. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Angesema, tukagombana, ningelala vizuri.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Cherehani imeingia asubuhi. Imekaa palepale pangu, chini ya dirisha. Nasikia inavyonguruma. Kompyuta yangu iko kwenye meza ya jikoni, ubavuni mwa vitunguu. Sindano kaja kuniambia kwamba jioni akimaliza kushona, naruhusiwa kuingia kucheza. Naruhusiwa! Chumbani kwangu! Nikamwambia asante, sihitaji.

Kisha nikatulia nikafikiri kama mtu mzima, na kosa nimeliona. Si mkono wangu. Si miguu ya kipanya. Ni miguu ya meza! Meza zetu zote zinayumba. Nani atalenga juu ya meza inayoyumba? Nimeazima msumeno kwa jirani nikapunguza mguu mmoja. Ikazidi kuyumba. Nikapunguza wa pili. Sasa imeinamia ukutani, vitunguu vimetawanyika sakafuni, lakini kazi inakwenda vizuri.

Nimemwambia Sindano turudiane Jumamosi ijayo. Nikishindwa, achukue na hii pembe ya jikoni aweke meza yake ya kupigia pasi. Mke wangu akasimama mlangoni, akaniuliza mara mbili kama nimesikia nilichosema. Nimesikia. Nikamwomba anipishe, nilikuwa nimeanza mguu wa tatu.