Dawa Ambayo Vijidudu Hawajaiona

Bwana Bhabatosh Laha alikuwa na maduka mawili ya vyombo vya shaba, nyumba ya ghorofa tatu kaskazini mwa Kolkata, na tumbo lililokuwa habari ya mtaa mzima. Asubuhi moja alikaa barazani na kofia yake ya sufu, jua linawaka, akalalamika kwamba dawa za siku hizi hazimshiki. Aliyemsikia ni Potol Samaddar, aliyekuwa akipita na pikipiki nyekundu, kitu pekee alichowahi kukilipia kihalali. Potol akafunga breki. Tumbo la tajiri, jamani, ni shamba.

"Hazikushiki, kaka, kwa sababu vijidudu wako wanazijua," akasema, akijikaribisha kiti. "Dawa inawakuta wanajenga kuta zao. Inajifanya tofali. Fundi akiishika, mikono inanasa, ukuta haujengeki, kijidudu anapasuka. Sasa akinusurika mmoja mjanja, anazaa wajanja. Tena hila yake anawagawia mpaka majirani."

"Na mimi nameza kila siku," akasema Laha.

"Unameza mbili, ukipata nafuu unaacha. Hapo umewasomesha bure."

Yote hayo yalikuwa kweli tupu. Tapeli mchanga huanza na uongo. Potol alikuwa mkongwe, uongo aliutia mwishoni, kiasi cha chumvi.

"Ninayo dawa ambayo vijidudu wa mtaa huu hawajaiona hata dirishani. Lakini naiuza kwa mtu mmoja tu. Wakiimeza wengi, imekwisha kazi." Akashusha sauti. "Nikupe wewe, au nimpe Sil wa nyumba ya pili?"

Laha na Sil hawakupikika chungu kimoja. Laha akalipa bei ya bangili ya dhahabu kwa kopo la vidonge lililozibwa kwa lakiri. Jioni Sil naye akalipa, kwa siri ileile. Kufikia sikukuu ya Durga, wenye dawa peke yao walikuwa kumi na wanne.

Dawa yenyewe ilikuwa halali, imenunuliwa ng'ambo ya mto. Ila mtu akiwa na hazina haachi kuichokonoa. Aliyepiga chafya alimeza, aliyeota ndoto mbaya alimeza. Mafua hayana habari na dawa hiyo, lakini vijidudu wa tumboni walipata mazoezi ya kutosha.

Mwezi wa Novemba Potol akala phuchka sita, vile vibofu vya unga vya kukaanga, kwa mchuuzi wa kona, na maji yake ya ukwaju. Baada ya siku kumi homa ya matumbo ikamlaza. Akafungua kopo lake mwenyewe, akameza kwa imani. Siku ya sita homa ilikuwa bado juu, na macho yameingia ndani. Maabara wakachukua damu, wakakuza vijidudu kwenye kisahani, wakawajaribu kwa dawa mbalimbali. Vijidudu walimea mpaka ukingoni mwa dawa ya Potol.

"Hii vijidudu wa mtaa wenu hawaijali tena," akasema binti wa maabara. "Sijui nani kaimwaga huko."

Potol akageukia ukutani. Aliogopa kufa, na aliogopa sana.

Iliyofanya kazi ilikuwa moja, dawa ya enzi za mababu ambayo maduka yaliacha kuiweka. Wakamwambia ajaribu kwa Mrinalini, mjane mwenye duka la dawa lenye vumbi mwisho wa mtaa.

"Ninazo," akasema mjane. "Nilipoolewa kila mtu alizimeza, mpaka vijidudu wakazizoea, madaktari wakazitupa. Miaka thelathini hiyo. Kubeba ngao ya vita vilivyokwisha ni mzigo, mwanangu. Vijidudu wasio nayo wakazaana kuliko wenye nayo, na dawa ikarudi kuwaua."

"Bei gani, shangazi?"

"Nikupe wewe, au nimpe Laha? Naye homa imemwanza jana."

Potol aliujua wimbo huo, maana alikuwa ameuimba nyumba kumi na nne. Alijua kabisa anapigwa. Akatoa ufunguo wa pikipiki.

Mjane hakumkabidhi vidonge. Kwa wiki mbili alimtaka aje mara nne kwa siku, afungue kinywa. Siku ya saba Potol, amepata nafuu, akaficha kimoja chini ya ulimi ili akamuuzie Laha. Mjane akambana pua mpaka kikashuka.

Alipopona akaenda hospitali kupimwa. Daktari akauliza alitibiwa kwa dawa gani, na alipoambiwa akacheka. Dawa hiyo walikuwa wanaigawa bure pale pale. Potol akarudi mbio, kwa miguu.

"Shangazi, hospitali wanazigawa bure."

"Najua. Ni mimi niliyewapa masanduku manne mwaka jana. Hapakuwa na aliyezitaka."

"Basi nirudishie pikipiki yangu. Umenitapeli."

Mjane akamsogezea kiti na kikombe cha chai.

"Nilikuuzia dawa gani?"

"Ya homa ya matumbo."

"Na homa iko wapi?"

Potol akavuta kikombe, akanywa chai. Alikuwa mzima kabisa, na hakujua kituo cha polisi kinachopokea mashtaka ya namna hiyo.