Dume la Wazungu wa Karanga

Wazungu wa karanga, wale wa mashamba makubwa yaliyoshindwa, walipoanza kufunga kambi zao Nachingwea, kila mtu aliondoka na kilichomfaa: huyu bati, yule pipa. Saadi, ambaye angeweza kumuuzia kipofu kioo, aliondoka na nguruwe.

Mpishi wa kambi alimpa kwa kubadilishana na saa isiyotembea. Nguruwe alikuwa mweupe, mnene, na alihasiwa tangu udogoni ili anenepe. Hilo la mwisho Saadi alilijua vizuri, na ndilo alilokusudia kulinyamazia.

Shida yake ilikuwa cherehani. Mzee Isihaka wa Nambambo alisema wazi kwamba asiyeleta cherehani hamwoi binti yake Mwamina. Na Saadi alimpenda Mwamina. Jambo pekee maishani ambalo hakulitia chumvi.

Ruangwa alikuwapo mjane Mkristo, Dionisia, mfugaji wa nguruwe, mwenye cherehani asiyoitumia. Watu wa kukodi walimswaga mnyama hadi kwake. Saadi alitangulia, mbali na harufu, na hata alipomnadi kama dume la mbegu aliziba pua kwa ncha ya kanzu.

“Mama yake huzaa kumi na wanne kwa mkupuo,” alisema. “Na watoto hawadumai. Mbegu hiyo, mama.”

“Alikuwa na chuchu ngapi? Dume huwarithisha binti zake chuchu za bibi yao.”

“Za kuwatosha wote, na moja ya mgeni.”

Dionisia alimzunguka mnyama, akainama nyuma yake, akakaa hapo kitambo. Aliinuka, akakubali. Saadi alimshukuru Mungu kwa macho ya wajane.

Cherehani ilikwisha kupanda begani, mafuta yakimchuruzikia shingoni, ndipo Dionisia aliposema, “Kutu isikutishe, mwanangu. Naipaka mafuta ya nguruwe miaka yote. Na huyu maksai wako atatupa mengine Krismasi.”

Uongo na viapo Saadi alikuwa ameviwekea toba ya uzeeni. Nguruwe hakuwamo katika hesabu hiyo. Angeweza kunyamaza, lakini mikono ya Mwamina ingetoka kwenye mashine ile ikaenda kwenye swala, na hilo lilimshinda. Akashuka mtoni, akaiosha kama alivyofundishwa chuo cha Kurani kuhusu najisi ya nguruwe: mara saba, moja kwa udongo, akiusugulia kwenye kila gurudumu na kila tundu.

Nambambo, Mwamina alitandika kitambaa, akazungusha mkono wa mashine. Ilikoroma, ikakwama.

“Umetia nini humu?” Mzee Isihaka akauliza.

“Udongo.”

Kati ya yote aliyowahi kusema katika nyumba ile, hilo ndilo lililokuwa kweli tupu, na kwa hilo alifukuzwa.