Msabato wa Kosele

Jumatano, 3 Septemba 2025
Barnabas amenichoka. Amesema mkewe anakuja Homa Bay Jumapili, kwa hiyo mimi na godoro langu tutafute pa kwenda. Binamu wa damu! Lakini Mungu hamtupi mja wake. Nyuma ya chuo kuna chumba cha Mama Rael. Maji yapo, stima ipo, kodi nusu ya wengine. Sharti moja: mpangaji awe Msabato. Mimi Mkatoliki, tena niliwahi kutumikia altareni. Nikamwambia ni Msabato wa kuzaliwa, wa Kosele. Jina lilinijia tu. Akasema niingie kwanza, Sabato ikipita ndipo tuandikiane mkataba.

Nikitoka nikakutana na Osoro wa darasa letu, Msabato halisi, mwimba kwaya, anaulizia chumba hicho hicho. Nikamwonya kina kunguni wa kutisha. Alinishukuru, maskini.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimehamia. Raha! Kesho nammaliza mama kabisa: nitampikia chakula cha kukaribisha Sabato. Nguruwe najua hawali, mimi si mjinga. Nitapika samaki. Nani amewahi kukosana na Mjaluo kwa sababu ya samaki?

Ijumaa, 5 Septemba
Yawa! Nilinunua mumi mnono, ndevu hadi hapa. Nikampika kwa nyanya na dania, nikampeleka kabla jua halijazama. Mama Rael akafunua sufuria. Akafunika. Akauliza kwa upole kama siku hizi Wasabato wa Kosele wanakula samaki asiye na magamba. Sisi watu wa milimani Kisii, magamba tutayajulia wapi? Nikasema kanisa letu lina ruhusa maalum. Akasema mzee wa kanisa hilo ni kaka yake.

Nilitamani ardhi inimeze. Mumi nimemla peke yangu kwa huzuni. Alikuwa mtamu sana.

Jumamosi, 6 Septemba
Asubuhi mlango ukabishwa. Nikajua ndiyo kufukuzwa. Kumbe Mama Rael ananipeleka kanisani! Njiani akasema alinijua tangu siku ya kwanza, nilipomuuliza misa ni saa ngapi. Akasema mtoto wa watu hawezi kulala nje, nitakaa tu, mradi niache uongo. Nilitokwa na machozi, kweli kabisa. Nikaapa.

Baada ya ibada Osoro akaja kumsalimu, akampa pole ya kunguni. Kunguni gani? Osoro akaninyooshea kidole. La mumi alikuwa amenisamehe. La kunguni, hapana! Nyumba anayoipiga deki kila siku ya Mungu! Jua lilipotua akampa Osoro ufunguo. Osoro akaniuliza kama nahitaji msaada wa kubeba godoro. Namchukia.

Jumapili, 7 Septemba
Godoro nimelihifadhi kwa kinyozi wa karibu na chuo. Somo nimelipata: dini si ya kuchezea. Na leo leo nimepata chumba kwa Mzee Matiko, askari mstaafu. Yeye hajali mtu anasali wapi. Anachotaka ni wapangaji wenye ndoa, watu waliotulia. Nikamwambia mke wangu anaitwa Phanice, yuko kwao Migori, anafika Jumanne. Mzee alifurahi mpaka akaahidi kumchinjia kuku.

Phanice ni kiranja wa darasa letu. Hatujawahi kusalimiana. Kesho nitaanza na habari ya asubuhi, halafu nimweleze mambo ya kuku.