Baba Mkwe Kwenye Mkanda wa Mabehewa

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tatu mke wangu yuko kwao. Kisa ni ulimi wangu: nilimwambia baba yake, aliyeunganisha mabehewa ya mizigo miaka thelathini na moja, kwamba kazi ile hata mbuzi angeiweza. Mke amesema atarudi siku mzee atakaponiita tena mwanangu. Kwa sasa ananiita "yule".

Leo nafagia stoo ya reli, bahati hiyo! Mkebe wa filamu ya zamani kuhusu usafirishaji wa mizigo. Nimeuinua mkanda dirishani. Nani huyu kijana anayening'inia kwenye behewa? Baba mkwe! Masikio yale hayafanani na ya mtu mwingine.

Jumanne, 4 Machi
Fundi amefufua projekta. Nimetazama dakika tano, zimetosha. Shemeji, kaka wa mke wangu, akanishauri niimalize kwanza. Wivu mtupu! Nimealika wastaafu wote wa reli.

Jumamosi, 8 Machi
Onyesho. Madirisha nimeyaziba kwa magunia. Mzee kaja na suti, mke kaja naye. Nikahutubia: tazameni shujaa! Kwenye ukuta mzee akaruka, akaunganisha, akapunga mkono. Makofi! Akanishika bega, akaniita mwanangu. Hapo ningezima.

Sikuzima. Sauti nzito ya filamu ikatangaza kwamba huyo ndiye mfanyakazi mzembe, asiigwe na yeyote. Mabehewa kumi na moja yakaserereka, yakabomoa ghala. Kumbe ni filamu ya mafunzo ya usalama! Wastaafu walicheka mpaka mmoja akadondoka kitini. Mzee akaondoka bila kofia. Mke, mlangoni, akaniambia nisithubutu kupiga simu. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda kuomba radhi. Mzee hakufungua. Alisema kupitia dirisha kwamba wapiga picha ndio waliomwomba ajifanye mzembe, kwa kuwa yeye peke yake aliweza kuruka vile na kubaki na miguu yote miwili. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Hata mimi sikumuuliza. Niliona haya, nikarudi nyumbani.

Jumatatu, 10 Machi
Nyuma ya kabati la stoo kuna mkebe mwingine! Umeandikwa Sehemu ya Pili. Bila shaka humo ndimo wanamomsafisha mzee. Wastaafu nimeshawaalika, na mke nimemtumia ujumbe kupitia jirani. Viti nimeongeza kumi, hotuba ninayo kichwani. Mkanda wenyewe nitauona siku hiyohiyo, pamoja na wageni.