Uhamisho wa Kwanza Bure

Jumatatu, 2 Septemba

Wizi! Mchana kweupe, mbele ya mlinzi, na kiyoyozi kinapuliza!

Nilikwenda benki kutuma karo ya Mpwa, binti wa Dada yangu, anayesomea uuguzi nje ya nchi. Chuo kimesema karo ifike kabla ya Jumatano ya wiki ijayo kwisha, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine. Dada kanikabidhi hela zote mkononi, na za makato ya benki juu yake. Yeye anaoka mikate ya kuuza, hana muda wa foleni. Mumewe, yaani Shemeji, alitaka kwenda yeye. Nikamuwahi. Niliwaambia nina mtu wangu benki.

Mtu mwenyewe ni mlinzi. Niliwahi kumtengenezea friji. Leo kanisalimia vizuri na kunifungulia mlango. Msaada wake ukaishia hapo.

Karani wa dirisha la tatu kanitajia makato. Nikamwomba arudie. Akarudia, hayakupungua. Halafu kuna kiwango cha kubadilisha fedha, wamekipanga wenyewe. Halafu kuna benki ya katikati, nayo inakata chake! Nikauliza hiyo benki inafanya nini huko katikati. Kasema hela zinapitia kwake. Mimi napitia uani kwa jirani kila siku, na sijawahi kukatwa kitu.

Nikaondoka na hela zangu. Za Dada, yaani.

Jioni Shemeji kapiga kuuliza kama zimekwenda. Nikasema ziko kwenye mchakato. Kasema makato ni kitu cha kawaida, nilipe tu yaishe. Ndiye huyo Shemeji. Anapiga pasi hadi soksi. Mtu wa namna hiyo atalipa chochote atakachoambiwa.

Na hili liishie hapa hapa kwenye daftari: nikiyakwepa makato, hela za makato zinabaki. Zikibaki ni za nani? Za mwenye akili. Karakana yangu inahitaji mtungi mpya wa gesi ya friji.

Jumanne, 3 Septemba

Nimepata! Mungu hamtupi mja wake.

Nilikuwa nimejiinamia ndani ya friji la mteja, simu mkononi, likatokea tangazo. Programu ya kutuma hela nje. Uhamisho wa kwanza bure! Bila makato, bila benki ya katikati, bila dirisha la tatu. Nikapiga kelele, kichwa kikagonga friza.

Kuna kasoro ndogo. Bure yao ni kwa kiasi kidogo tu, na ni mara moja kwa kila mtu. Karo ya Mpwa ni mara tano ya hicho kiasi. Mwingine angekata tamaa. Mimi nikaanza kuhesabu ndugu.

Tupo mimi, Mama Watoto, Mama Mkwe, Binamu, na Kinyozi wa jirani, ambaye si ndugu lakini alisimamia harusi ya Binamu. Kila mtu atume kipande chake, wote kwa Mpwa. Watu watano, mara ya kwanza tano, bure tano!

Nikampigia Mpwa kumweleza. Badala ya kufurahi, akasema, Mjomba, tuma tu moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, ndivyo wenzangu wanavyofanya. Nikamkatalia kwa upole. Chuo si mtu. Hela ikifika, chuo kitanipigia simu kusema Mjomba nimepata, Mungu akuzidishie? Hakipigi. Sijawahi kutuma hela mahali pasipo na mdomo wa kushukuru, na sianzi leo.

Jumatano, 4 Septemba

Siku ya kuwasajili. Sitaisahau.

Programu inataka picha ya uso. Inaamuru: tazama mbele, geuka kushoto, geuka kulia, tabasamu. Mama Mkwe akauliza tangu lini simu ikamwamrisha mtu mzima ageuke. Nikambembeleza. Akageuka kushoto, akakataa kurudi kulia, kasema kulia hakuna wa kumtazama. Suala la kutabasamu halikuguswa kabisa. Mimi ni mkwe, nina mipaka yangu. Mwishowe Mama Watoto akamchekesha kwa kumkumbusha siku nilipokuja kuposa na viatu vya kuazima. Picha ikakubali. Sikuona cha kuchekesha.

Binamu kapigwa picha na kofia, akakataliwa, akanuna. Kasema simu imemdharau. Ilibidi nimnunulie chakula cha mchana ndipo avue. Kinyozi kafunga saluni kwa ajili yangu, kwa hiyo kataka fidia. Mama Watoto katoa masharti yake, siyaandiki. Soda, nauli, vifurushi vya intaneti, vyote mfukoni mwangu. Hela za makato zimebaki nusu.

Si kitu. Nusu ya mtungi bado ni mtungi.

Alhamisi, 5 Septemba

Ushindi!

Tumekaa wote karakanani, kila mtu juu ya friji lake, nikawagawia karo kwenye simu zao, tukatuma. Programu ikauliza maswali mawili. Unatuma kwa sababu gani? Anayepokea ni nani kwako? Binamu akauliza tuandike nini. Nikasema kila mtu aandike chochote, hayo ni maswali ya kupotezea watu muda, hakuna anayeyasoma.

Mimi nikaandika matibabu, maana hakuna mwenye moyo atakayechelewesha hela ya mgonjwa. Mama Watoto kaandika mume wangu kasema. Binamu kaandika mauzo ya gari, kasema linasikika kama jambo la watu wenye hela. Mama Mkwe akaulizwa Mpwa ni nani kwake, akafikiri, akasema kwa haki kabisa binti huyo si damu yake, akaandikiwa hakuna uhusiano. Kinyozi kaandika mchumba. Kasema mambo ya wachumba huenda haraka.

Tiki za kijani tano. Bure! Nikampigia Shemeji pale pale. Nikamwambia zimekwenda, tena bila senti ya makato, na kama ana karatasi za benki za kujaza aziweke, atafungia maandazi. Akasema tu haya, tuombe Mungu. Wivu huo.

Ijumaa, 6 Septemba

Akaunti ya Mpwa imefungwa.

Yake nzima! Si hela zetu tu, hata zake za kula. Kapiga analia. Kasema benki ya huko imemwita na kumketisha kwenye chumba kidogo. Wamemuuliza anaumwa nini. Wamemuuliza ameuza gari gani, na leseni yake iko wapi. Wamemuuliza huyu bibi asiye na uhusiano naye wowote anampa hela kwa sababu ipi. Kisha wakamuuliza kuhusu mchumba wake kinyozi.

Kasema, Mjomba, nilikuambia utume chuoni. Nikamwambia si wakati wa kutafuta mchawi.

Nina hasira! Tangu lini kuwa na ndugu watano ni kosa? Mtu mmoja akituma hela nyingi wanampa kiti na maji ya kunywa. Maskini watano wakitumiana vipande vidogo wanaitwa magenge!

Nikapiga huduma kwa wateja. Muziki. Muziki. Muziki. Akaja kijana mwenye sauti laini, kasema wanachunguza. Nikamwambia mimi ndiye ninayepaswa kuwachunguza. Akanishukuru kwa kuwa mteja wao wa thamani, akanirudisha kwenye muziki.

Jumatatu, 9 Septemba

Hawa watu hawajui wema.

Jana nilikaa nikafikiri. Wanachotaka ni ushahidi kwamba sisi ni familia moja. Basi nikatafuta picha nzuri kuliko zote: harusi ya Binamu. Tumo wote watano, na Mpwa mwenyewe kati, kasimamia upande wa bibi harusi. Nikaituma kwao pamoja na maelezo marefu ya nani ni nani.

Leo Mpwa kapiga. Kaongea taratibu, na hiyo ilinitisha kuliko kilio. Kasema wameiona picha. Wameona amevaa gauni refu, ameshika maua, na ameshikwa mkono na Kinyozi. Wamempongeza kwa ndoa. Sasa wanataka kujua kwa nini aliwaficha.

Nikamwambia awaeleze kwamba Kinyozi alikuwa msimamizi tu. Kasema kaeleza. Kasema pia kwamba anakula kwa hisani ya msichana wa chumba cha pili, na kwamba keshokutwa ndiyo mwisho wa kulipa karo. Kisha akasema anamwambia mama yake. Nikamsihi anipe siku moja tu. Akakata simu. Mtoto niliyembeba mgongoni!

Jumanne, 10 Septemba

Dada anajua. Kila mtu anajua. Hata mteja aliyekuja kuchukua friji lake kaniuliza habari za mchumba.

Shemeji hakugomba. Angegomba ningejua la kujibu. Kakopa kwenye chama chao cha kazini, kavaa shati lililopigwa pasi, kaenda dirisha la tatu, kalipa makato yote bila kuuliza swali, na kaituma karo moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Nilimfuata hadi mlangoni kwa ajili ya ushauri. Hakuuhitaji. Na yule mlinzi, mtu wangu, kamsalimia kwa bashasha kuliko mimi! Fadhila ya punda.

Jumatano, 11 Septemba

Karo imefika. Mpwa ana nafasi yake. Chuo kimemwandikia Shemeji kuthibitisha kwamba kimepokea, kwa shukrani. Kumbe kinashukuru! Mtu angeniambia mapema.

Nyumbani kwa Dada ni nderemo, Shemeji huyu, Shemeji yule. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kusema kwamba kwa upande wangu benki haikula hata senti. Nilipolitaja mwenyewe, Mama Watoto akaniomba tuondoke.

Jumamosi, 14 Septemba

Akaunti ya Mpwa imefunguliwa, na vipande vyetu vimerudishwa. Lakini kila kipande kimerudi kwa aliyekituma! Sasa hela za Dada zinakaa kwenye simu tano, na ni lazima nizikusanye ili Shemeji alipe mkopo wake.

Changu na cha Mama Watoto ninavyo. Kinyozi kanipa chake baada ya kukata alichokiita usumbufu wa ndoa. Binamu simu yake haipatikani. Ila aliyenimaliza ni Mama Mkwe. Nilimkuta sebuleni ananiombea dua. Hela zimeingia kwenye simu yake, akadhani nimemtumia mimi. Kasema katika umri wake wote hajawahi kusikia mkwe mwenye moyo kama wangu, na zile hela tayari kalipia godoro. Ningesema nini? Nikaitikia amina.

Mchana Dada akaja karakanani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akakaa juu ya friji bovu, akauliza kwa sauti ya kawaida ni kiasi gani kimepatikana. Nikamwambia nusu, au zaidi kidogo. Akasema sawa. Nikamuuliza mbona siku hizi sisikii harufu ya mikate nikipita kwake asubuhi. Akatazama pembeni. Kasema oveni aliiuza. Karo yote ile ilikuwa oveni. Wateja anawaambia iko kwa fundi.

Miaka yote hiyo, tangu mama yetu afariki, tumekula mkate wa Dada. Mimi nimesomeshwa na ile oveni. Nimeona aibu, na naiandika hapa kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kumwambia. Alipoondoka alinipiga piga begani, kasema najua ulikuwa unataka kusaidia. Nimelia kidogo, mgongo kwa mlango.

Nitamrudishia oveni yake. Naapa.

Jumatatu, 16 Septemba

Imepatikana!

Oveni ya mikate, trei sita, karibu mpya. Muuzaji yuko nje ya nchi, nimemwona kwenye simu. Bei yake ni ya kutupa, maana anahama na hana pa kuiweka. Picha nne, zote zinang'aa. Kwenye moja oveni iko jikoni, kwenye nyingine iko bustanini. Bila shaka alikuwa anaihamisha.

Anataka malipo yote mbele, kwa kuwa wanunuzi wengine kumi wamepanga foleni. Nimepiga hesabu: changu, cha Mama Watoto na cha Kinyozi, jumla inatosha barabara, kana kwamba alijua nilicho nacho! Shemeji atasubiri kidogo. Mtu mwenye soksi za pasi hakosi akiba.

Mama Watoto kauliza mbona akaunti ya kupokea hela ina jina la mtu mwingine kabisa. Wanawake kwa mashaka! Nilikwisha kumuuliza mwenyewe, na kanijibu kiungwana. Kasema ni akaunti ya mke wa kaka yake, kwa sababu akaunti yake mwenyewe benki imeifunga, wanaichunguza bure tu, ndugu zake wengi mno walikuwa wanamtumia hela.

Machozi yalinilengalenga. Nikamwambia ndugu yangu, huna haja ya kunieleza zaidi, mimi hao watu nawajua. Nimetuma mchana huu, zote kwa mkupuo, na makato nimelipa bila kuuliza swali.