Daktari wa Mafaili na Ukurasa wa Sita

Daktari hakuwahi kusomea udaktari. Jina alijipa mwenyewe, siku aliposikia kwamba ofisi ya zabuni iliyo ghorofa ya pili haipokei tena barua za Word. Inataka PDF tu. Siku hiyohiyo akahamishia kompyuta yake chini ya ngazi za jengo, akavaa koti jeupe la muuza nyama, akabandika tangazo: TUNABADILI MAFAILI. UPASUAJI BILA MAUMIVU.

Upasuaji wenyewe ulikuwa hivi: alifuta herufi za mwisho za jina la faili, akaandika "pdf" mahali pake. Basi. Ni kama kumbatiza mbuzi jina la ng'ombe, kisha ukamwekea ndoo. Faili la namna hiyo halifunguki hata kwa maombi. Lakini mwenye faili alipokuja kugundua, zabuni ilikuwa imeshafungwa, na barua yake nzuri imeshapanda ngazi ikiwa na jina la Daktari. Hiyo sasa Daktari aliigeuza PDF ya kweli. Ndivyo alivyoshinda zabuni ya madawati ya shule, kwa barua ya fundi seremala aliyeitolea jasho wiki mbili.

Asubuhi ya zabuni ya mashuka ya hospitali akaja fundi cherehani, mama mnene mpole, tepu ya kupimia shingoni, flashi mkononi.

"Shikamoo, mama yangu. Mgonjwa anasumbuliwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Ni Word, na wao wanataka PDF kabla ya saa sita. Nina mafundi wanne nyuma yangu. Nikiikosa hii, vyerehani navifunika."

Daktari akalifungua faili. Kurasa tisa, zimepangwa kama nguo za bwana harusi! Mate yakamjaa.

"Aa, hili limekomaa. Niachie nusu saa, kanywe chai."

"Ulisome lote basi, lisije likawa na kasoro."

"Mama, daktari wa meno humwuliza mtu jana alikula nini?"

"Haya. Mimi nimeshasema."

Alipotoka, Daktari akabadili jina kwenye ukurasa wa kwanza, akaweka saini yake kwenye wa mwisho. Za katikati hakuzigusa. Mwizi wa muhogo hakai shambani kuumenya. Fundi aliporudi akakabidhiwa mbuzi wake, akashukuru, akaenda.

Saa nane waombaji wote waliketi ghorofa ya pili, na afisa wa zabuni akafungua mafaili mbele yao, moja baada ya jingine, yakaonekana ukutani. La fundi cherehani likafunguka. Daktari akaruka kitini kama aliyekalia sindano.

"Mama, si lile nililo..."

"Lile nimelifuta," akanong'ona fundi. "Langu halisi binti yangu alinigeuzia jana kwa simu, mimi nikipiga pindo."

Likafuata la Daktari. Lilifunguka kama dirisha. Afisa, mtu asiyeruka hata nukta, akasoma kwa sauti hadi akafika ukurasa wa sita, akavua miwani, akaivaa tena.

"'Mimi mwombaji, niliyetia saini mwishoni mwa barua hii, nakiri kwamba zabuni ya madawati niliipata kwa barua niliyomwibia fundi seremala, na hadi leo sijatengeneza hata stuli.'" Akainua macho. "Saini ya ukurasa wa mwisho ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa, lakini..."

"Kwa hiyo hukusoma ulichosaini?"

Nyuma ya chumba mtu mmoja mwenye maranda ya mbao kwenye nywele alicheka mpaka benchi likalia.

"Usimjali, huyo ni kaka yangu," fundi cherehani akamwambia Daktari, kwa upole uleule wa asubuhi. "Lakini nilikwambia usome, mwanangu."

Mashuka yakaenda kwa dada, madawati yakarudi kwa kaka. Daktari alishushwa ngazi katikati ya askari wawili, koti jeupe mkononi. Ila tumpe haki yake: faili lilifunguka vizuri sana.