Kamati ya Kunyata na Mama Mkwe

Tulikuwa tumeshaiacha Ngokolo nyuma, gari linakata vumbi, na Mwenyekiti kwenye kiti cha mbele anajifunza tangazo kwa sauti kubwa: "Kuanzia leo, ni marufuku kunyata!"

"Ongeza 'popote', mheshimiwa," nikamshauri.

"Popote!"

Mimi nilikuwa mjumbe halali. Niliteuliwa kuwakilisha wananchi wasio na makao, kwa kuwa darasa la tatu nilisoma Kharumwa, la tano Ngokolo, na la nne hatukukutana.

Kamati yetu ilizaliwa na neno la Kiingereza. Lilikuja ndani ya waraka kutoka juu, maana yake kwenda kimyakimya ili usionekane. Waraka uliagiza jambo hilo lidhibitiwe kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, maana mawe yenye dhahabu yalikuwa yanaondoka mashimoni bila kuaga. Wataalamu walikesha kwenye semina wakilisaka neno hilo. Ndipo Mwenyekiti, Bwana Deusdedit, akatoa tafsiri ya kitaalamu: kunyata ni kitendo cha mtu kuondoka alipo kwa namna ambayo wenzake wakimwona watamuuliza anakwenda wapi. Tukapiga makofi. Neno lilikuwa limekamatika.

"Huku mimi si mgeni," akatuambia tulipoipita Kahama. "Mke wangu Lusia ni wa huku. Mdogo wake naye kaolewa juzijuzi na mchimbaji. Harusini sikwenda, nilikuwa kwenye semina ya kuwa karibu na jamii."

Kijiji chenyewe kiko mbele ya Segese. Watu walikusanyika, Mwenyekiti akatangaza: atakayenyata atazuiwa kukanyaga mahali pake pa kazi msimu mzima, bila kujali cheo, kabila wala viatu. Utekelezaji akakabidhiwa Makoye, kamanda wa sungusungu, mzee wa upinde na filimbi.

"Bila kujali cheo?" Makoye akauliza.

"Bila kujali! Weka kichwani."

Akaweka.

Asubuhi iliyofuata Makoye akaleta mtuhumiwa wa kwanza kwenye ofisi ya kijiji. Alikuwa Maduhu, mchimbaji, miiba imejaa kichwani. Kijana alikuwa anakwenda kwenye duara, yaani shimo lao, ambalo baada ya kuwalaza njaa muda mrefu lilikuwa limeanza kuonyesha dhahabu. Ghafla aliacha njia, akainama, akazama kichakani kama kanga.

"Ulinyata?" Mwenyekiti akamuuliza.

"Nilinyata, mheshimiwa. Mama mkwe alikuwa anakuja na ndoo ya maji."

"Si ungemsalimia, ukapita?"

Watu wakaguna. Violeth, muuza maandazi, akashindwa kuvumilia. "Amsalimie uso kwa uso? Mama mkwe? Angesimama pale, mkewe leo angekuwa kwao!"

"Ndiyo hivyo," Maduhu akasema. "Ukinizuia duara, mheshimiwa, dhahabu watagawana wenzangu. Nisingejificha, ningekosa mke. Wewe msomi, niambie nikose kipi."

Hilo halikuwemo kwenye hadidu za rejea. Mwenyekiti akasema ushahidi wa mkwe unahitajika.

"Jina lake nani?"

"Jina la mkwe halitajwi."

"Basi aletwe bila jina!"

Niliona ni busara kubwa. Maduhu akaomba atolewe kwanza, akapelekwa nyuma ya ofisi, akachuchumaa chini ya dirisha.

Punde mlangoni ikasikika sauti ya mama mtu mzima ikisalimu kwa Kisukuma: "Mwangaluka!"

Mwenyekiti aliacha sentensi katikati. Akavua viatu, akateremka chini ya meza, akatambaa mpaka dirishani, akatoka. Nimezunguka nchi hii vya kutosha, lakini sijawahi kuona kiongozi akiondoka kimya vile. Kwa kawaida huwa kuna ving'ora.

Nje filimbi ikalia. "Nimekamata mwingine!" Makoye akapaza sauti. "Huyu ana tai!"

"Niachie, mzee! Mama yumo ndani!"

Mama akatega sikio. "Huyo si mume wa Lusia? Yule aliyekosa harusi?"

Chini ya dirisha tukamsikia Maduhu: "Kumbe ndiye wewe, kaka? Shikamoo."

"Marahaba. Sogea kidogo, bado naonekana."

Shauri likaendelea, ukuta ukiwa katikati. Makoye akauliza, "Mheshimiwa, ulikuwa unakwenda wapi?"

Tukasikia anajibana ukutani.

"Mnawasumbua bure," mama akasema. "Wote wana adabu. Huyu wa duarani hujificha nisimwone kila siku. Huyu wa mjini ndiyo kwanza leo ananiheshimu."

"Sikieni!" Mwenyekiti akaita kutoka nje. "Kujificha mkwe asikuone si kunyata! Natengua!"

"Mtuhumiwa hatengui," Makoye akamjibu.

Mjumbe aliyebaki mezani nilikuwa mimi. Nikaamua kwa kufuata tafsiri ya kitaalamu. Maduhu tulijua anakokwenda: kazini. Mwenyekiti aliulizwa, hakusema.

Maduhu alirudi kwenye duara siku ileile, na mkewe yupo. Makoye bado ana filimbi. Viatu vya Mwenyekiti alivichukua mama, akampelekea Lusia. Neno la Kiingereza lilirudishwa juu likiwa zima. Mimi niliondoka kupitia Kharumwa, na hakuna aliyeniuliza. Bwana Deusdedit alizuiwa kukanyaga ofisi yake msimu mzima, na watu waliokuwa wakimsubiri mlangoni miaka yote wakahudumiwa.